Endongo, engalabi na priampu nane

Ukitaka kujua kama priampu zako, vile vikuza sauti ambavyo maiki huchomekwa kwanza, zinafaa, usizijaribu kwa mwimbaji wa injili aliyezoea kung'ata maiki. Zipeleke mbele ya kundi la muziki wa Kiganda. Upande huu yupo mzee na endongo yake, kinubi cha nyuzi nane ambacho mtu akikohoa tu umekikosa. Upande ule yupo kijana na engalabi, ngoma ndefu iliyowambwa ngozi ya kenge, na kofi lake moja linasikika hadi nyumba ya tatu. Katikati wamekaa wapiga amadinda, watu watatu kwenye vipande 12 vya mbao, kila mmoja akijaza nafasi aliyoiacha mwenzake. Wote wanapiga kwa pamoja, chumba kimoja. Waambie warekodi mmoja mmoja halafu utawaunganisha kwenye kompyuta, watakutazama kwa huruma. Na wana haki, maana mpiga wa pili wa amadinda hana wimbo mpaka wa kwanza aanze.

Mimi ni fundi mitambo hapa Kampala. Kazi zangu nyingi ni kwaya za Kiswahili, hasa za ndugu zetu wa Kongo, zenye magitaa matatu, kinanda, ngoma na waimbaji wanaojaza jukwaa hadi ngazini. Zinazobaki ni vikundi vya asili na bendi za hotelini. Kwa kazi za namna hii chaneli mbili za kifahari, yaani njia mbili za maiki, hazinisaidii kitu. Nahitaji nane zisizo na makuu, mara nyingine 16, na nahitaji ziwe sawa zote. Vijana wanaoniuliza wanunue priampu gani huwa wanategemea niwatajie jina. Mimi nawauliza kwanza: chombo chako cha upole kuliko vyote ni kipi, na cha fujo kuliko vyote ni kipi? Mpaka ujibu hayo mawili, majina yatakupotezea pesa.

Tuchukue hesabu kidogo, haiumi. Maiki ya Shure SM57 ipo karibu kila kanisa na kila baa ya nchi hii (ikiwa ni ya kweli ama ya bandia, hilo tuliache kwanza). Mtu akiimba mbele yake, tuseme desibeli 94, hutoa umeme wa takriban milivolti 1.6. Kigeuzi cha dijitali, kinachogeuza sauti kuwa namba za kompyuta, kinataka kitu kinachokaribia volti nzima. Pengo hilo ndilo priampu inaliziba, na kwa mwimbaji huyo gaini, yaani ukuzaji, ya desibeli 54 inatosha kabisa. Sasa hamisha maiki hiyo hiyo uiweke mbele ya endongo. Kinachofika pale ni desibeli 70 hivi, pengine pungufu. Umepoteza 24, kwa hiyo utahitaji gaini ya 78. Priampu nyingi za chaneli nane zinaishia kwenye 60. Umekwama hapo.

Watu wakifika hapa ndipo wanapoanza kutafuta priampu yenye gaini ya kutisha. Zipo. Neve 1073, kifaa kilichobuniwa Uingereza mwaka 1970, inafika desibeli 80. Lakini kuna njia ya bei ndogo zaidi: badilisha maiki. Kondensa (maiki inayohitaji kulishwa umeme) ya kawaida ya studio, mfano Rode NT1-A, hutoa milivolti 25 pale ambapo SM57 inatoa 1.6. Hizo ni desibeli 24, zile zile ulizopoteza. Ukiiweka kondensa kwenye endongo unarudi kwenye gaini ya 54 na priampu ya kawaida inapumua. Ndiyo maana mimi, nikitazama karatasi ya sifa za priampu, sianzi na gaini ya juu kabisa. Naanza na umeme wa fantomu, zile volti 48 zinazolisha kondensa: je, upo kwenye chaneli zote, na je, unawashwa chaneli moja moja au swichi moja inawasha zote nane? Swichi moja si dhambi. Lakini ukichomeka kibodi kwa kebo iliyoungwaungwa, au maiki ya zamani ya utepe ambayo mtu kairithi, utatamani ungekuwa na swichi nane.

Karatasi ya sifa itakuambia volti 48. Mita ya fundi umeme itakuambia ukweli. Kipimo kinaruhusu kupungua au kuzidi volti nne, yaani 44 hadi 52, kati ya pini ya kwanza na ya pili za tundu la maiki, na vivyo hivyo kati ya kwanza na ya tatu. Pima kifaa kikiwa kitupu, kisha chomeka kondensa saba na upime ile chaneli ya nane iliyobaki. Kwenye vifaa ambavyo usambazaji wake wa umeme ni dhaifu, utaona namba inashuka kila unapoongeza maiki. Kondensa yenye njaa haifi, inaendelea kufanya kazi, ila sauti kubwa ikija inapasuka mapema, na wewe utailaumu maiki.

Sasa geukia engalabi, maana huku ndiko watu wanakoumia. Ile kondensa iliyokuokoa kwa mzee wa endongo, ukiisogeza karibu na ngozi ya engalabi ambapo kilele cha sauti kinafika desibeli 130, inatoa volti 1.6. Angalia tena namba hizo: mwimbaji kwenye SM57, milivolti 1.6, ngoma kwenye kondensa, volti 1.6. Mara elfu moja, na mlango wa kuingilia ni ule ule. Priampu ambayo gaini yake ya chini kabisa ni desibeli 10 itaifanya volti 5, na kabla hujagusa kitu umeshafika ukingoni. Kwa hiyo jambo la pili ninalolitafuta ni kiwango kikubwa kabisa ambacho mlango unakubali, kinachoandikwa kwa dBu (kipimo cha ukubwa wa umeme wa sauti), pamoja na kitufe cha kupunguza, kile mafundi wanakiita pedi, kwa kawaida desibeli 20. Kitufe hicho kikikosekana, basi fanya kinyume cha mazoea ya studio: dainamiki, yaani maiki kama SM57 isiyohitaji umeme, kwenye ngoma, kondensa kwenye kinubi. SM57 mbele ya ngoma hiyo hiyo itatoa sehemu ya kumi ya volti tu, na kila priampu duniani inaimeza hiyo.

Kuhusu kelele ya priampu yenyewe, ule mchakacho wa chinichini, naona watu wanaogopeshwa bure. Wauzaji wanapenda namba iitwayo EIN, yaani kelele ya priampu ikihesabiwa kama iliingia mlangoni; ikiwa chini zaidi ndiyo tulivu zaidi. Kipingamizi cha ohmu 150, kikikaa tu mezani bila kufanya lolote, kinatoa kelele ya takriban dBu -131 kwa sababu ya joto la kawaida. Hiyo ni sheria ya maumbile, na hakuna kiwanda kitakachoishusha. Priampu nzuri za bei nafuu siku hizi zinasoma -127 au -128. Za bei kubwa -129 au karibu -130. Tofauti yote unayolipia hapo ni desibeli mbili au tatu.

Halafu linganisha na chumba chako. Studio yangu ikiwa imefungwa vizuri, boda boda nje, feni imezimwa, jenereta ya jirani inanguruma kwa mbali, bado haishuki sana chini ya desibeli 40. Kelele hiyo ikipita kwenye SM57 inafika mlangoni ikiwa dBu -108. Priampu ya bei nafuu, kwenye -128, iko desibeli 20 chini ya chumba changu mwenyewe. Hiyo ndiyo sababu, mtu akija na pesa akiniuliza aboreshe priampu au chumba, namwelekeza kwa muuza magodoro. Na mvua ikianza kupiga mabati, zima kila kitu mchemshe chai, kwa sababu hata Neve haijui la kufanya.

Najua kuna wasomaji wameshaanza kukunja uso. Vipi kuhusu utamu? Vipi kuhusu transfoma, ule unene wa sauti wa Neve, ule ukali wa API, kampuni nyingine ya priampu? Sipingi kwamba upo. API 3124 ina chaneli nne, Focusrite ISA 828 ina nane zenye transfoma za Lundahl mlangoni, na nikipewa hiyo ya pili nitaishukuru familia yote ya aliyenipa. Ukizisukuma zinabadilisha sauti kwa namna inayopendeza, hasa sauti ya mtu na besi. Lakini priampu ya chaneli nane inabidi ihukumiwe kwa kazi ya chaneli nane. Utamu ule ni kiungo cha mwimbaji kiongozi. Kwenye maiki 16 zilizowekwa chumba kimoja, ambapo kila maiki inasikia vyombo vya jirani, mimi napendelea kitu kisichojitia katika mazungumzo. Tena tuseme ukweli kuhusu pesa: Behringer ADA8200 nzima, chaneli nane pamoja na vigeuzi vyake, hainunui hata chaneli moja ya 1073 yenye jina la Neve. Kwa kwaya ya watu arobaini, hakuna mjadala.

Jambo ambalo halizungumzwi sana ni usawa wa chaneli. Amadinda inarekodiwa vizuri kwa maiki mbili juu, moja kila upande, na masikio yanategemea kwamba kulia na kushoto zimekuzwa sawasawa. Kwaya nazo napenda kuzichukua kwa maiki mbili zilizotenganishwa sentimita 17 na kufunguliwa kwa pembe ya nyuzi 110, mtindo ulioanzia redio ya Ufaransa. Chaneli ya kushoto ikizidi ya kulia kwa desibeli moja na nusu, sauti ya kwanza yote inahamia upande, na mwalimu wa kwaya atajua kabla yako. Vifundo vya bei nafuu haviko sawa: vyote viwili viko saa nane, lakini kimoja kinatoa 41 na kingine 43. Priampu zenye gaini ya hatua kwa hatua, au zinazoendeshwa kidijitali na kukumbuka namba, zinamaliza tatizo hilo. Kama zako hazina, tumia njia ya kijijini: mtu mmoja apige kofi katikati ya maiki zote mbili, usawazishe kwa mita ya programu, kisha upige picha ya vifundo kwa simu. Picha hiyo usiifute mpaka mteja amelipa.

Kabla hatujaenda kanisani, niseme neno la heshima. Entenga, ngoma za ikulu za Kabaka, mfalme wa Buganda, ilikuwa na ngoma 15 na wapigaji sita. Leo ningepewa kazi hiyo ningeomba chaneli 16 na bado ningelalamika. Hugh Tracey, mrekodi mashuhuri wa muziki wa Afrika, alikuja akarekodi wanamuziki wa ikulu mwaka 1950 na 1952, maiki moja mkononi, akiisogeza mwenyewe kadiri wimbo unavyokwenda. Miaka hiyo hiyo Klaus Wachsmann, aliyekuwa akisimamia Jumba la Makumbusho la Uganda, alizunguka nchi akirekodi pia, na nakala za kazi yake leo zipo Makerere. Mwaka 1966 ikulu ya Mengo ikashambuliwa na wapigaji wakatawanyika. Zile rekodi za maiki moja ndizo zimebaki. Nikizisikiliza huwa najiuliza nane zangu ni za nini. Jibu ni kwamba Tracey hakuwa na spika za kanisa zikinguruma nyuma yake, wala mteja aliyetaka gitaa la solo lipandishwe wiki mbili baada ya shughuli.

Twende kanisani basi. Ibada ya Kiswahili, kwaya inazindua albamu, mitambo ni ya kanisa na fundi wa kanisa ndiye anayeiendesha. Wewe umekuja kurekodi. Njia rahisi ni kuchomeka kebo nyuma ya miksa yao na kuchukua kila chaneli ilivyo. Miksa nyingi za analogi zina matundu ya insati (ya kutoa na kurudisha sauti katikati ya njia ya chaneli), na ukisukuma plagi ya mono hadi mbofyo wa kwanza tu, inakuibia sauti bila kukata ile inayokwenda kwenye spika. Inafanya kazi, mafundi wengi wameishi hivyo. Shida ni kwamba unachopata kimeshapita kwenye gaini ya mwenzako. Katikati ya wimbo wa tatu maiki inaanza kupiga mluzi, yeye anashusha gaini, anakugeukia na tabasamu: "Kaka, nimepunguza kidogo tu." Kule kwako beti zima la sauti ya pili limezama. Huwezi kumkasirikia. Kazi yake ni waumini waliopo, wewe kazi yako ni wale watakaosikiliza baadaye.

Hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya kumiliki priampu zako mwenyewe, na wala haina uhusiano na ubora wa sauti. Ni uhuru. Unagawanya kila maiki kabla haijafika kwa mtu yeyote, upande mmoja uende kwenye miksa ya kanisa, mwingine kwenye priampu zako, kila fundi na gaini yake. Kigawanyo kizuri kina transfoma: upande wa moja kwa moja unapitisha volti 48, upande wa transfoma hauzipitishi, na nyaya za ardhi zinatenganishwa, hivyo mvumo wa umeme hauvuki. Kubaliana mapema nani analisha kondensa. Mimi huomba kanisa ndilo lilishe, ili kifaa changu kikizima ghafla ibada isikatike. Kebo za kugawa mbili bila transfoma nazo zinatumika, na hazidhuru maiki kama watu wanavyodai. Milango miwili ya ohmu 2,000 inakuwa kama mmoja wa 1,000, na maiki ya ohmu 150 bado inaivumilia. Zinachokosa ni ule utengano wa ardhi, na mvumo ukiingia hapo utausaka usiku kucha.

Mwalimu mmoja wa kwaya alipoona nafunga stendi na vigawanyo aliniuliza kama nataka kuhutubia taifa. Nilimwambia nangoja Rais. Ila wimbo wa kwanza ulipokwisha alikuja mwenyewe kuuliza kama naweza kumsikilizisha sauti ya tatu peke yake, na nilipomvalisha visikizi akamwita mwimbaji mmoja pembeni wakazungumza kwa Kilingala kwa muda.

Kuna wanaosema siku hizi priampu za pembeni zimepitwa na wakati, kwa kuwa miksa ya dijitali inazo ndani. Kwa kiasi kikubwa ni kweli, na kwa anayeanza na kazi za jukwaani ningemshauri aanzie huko. Behringer XR18 ina priampu 16 na inaingiza chaneli 18 kwenye laptopu kwa kebo moja ya USB. X32, miksa yao kubwa zaidi, inakwenda hadi 32, na ukiweka kadi yake ya X-LIVE inaandika zote 32 moja kwa moja kwenye kadi za SD bila laptopu. Kadi hiyo ina nafasi ya betri ndogo, ili umeme ukikatika ghafla iwahi kufunga faili vizuri. Sijui aliyeibuni aliishi wapi, lakini anatujua. Gaini zinakumbukwa, picha za simu hazihitajiki. Kizuizi ni kwamba vifaa hivi vinafanya kazi kwenye 44.1 na 48 kHz tu (maelfu ya vipimo vya sauti kwa sekunde), jambo ambalo kwa kwaya na bendi halijawahi kuninyima usingizi.

Anayehitaji priampu za pembeni ni yule ambaye tayari ana intafesi (kifaa cha kuingiza sauti kwenye kompyuta) nzuri yenye milango michache na anataka kuongeza nane. Hapo njia ni ADAT, kebo nyembamba ya mwanga inayobeba chaneli nane kwenye 48 kHz. Ukipandisha hadi 96 zinabaki nne kwa kebo moja, na watu hugundua hilo siku ya kazi. Hakikisha pia intafesi yako ina mlango wa ADAT wa kuingiza, si wa kutoa peke yake. Halafu kuna saa. Kila kifaa cha dijitali kina saa yake ya ndani, na viwili vikienda kila kimoja kwa saa yake ni wapiga amadinda wawili walioanza kwa mwendo tofauti: mwanzoni huoni kitu, kisha panaanza kudondoka tik, tik, kila baada ya sekunde kadhaa. Mmoja lazima amfuate mwenzake. Kwa kawaida intafesi inawekwa ifuate saa inayokuja na ADAT, mpangilio wa dakika moja kwenye programu. Ile tik haitoki ukishairekodi.

Nafasi ya diski ni hesabu nyepesi. Chaneli 16, biti 24, 48 kHz, zinakula gigabaiti 8.3 kwa saa. Ibada ya uzinduzi hapa kwetu haijui saa moja ni nini, kwa hiyo nenda na diski ya gigabaiti 100 zilizo wazi na ulale salama.

Umeme sasa. Kwetu ni volti 240, mizunguko 50, na unakatika. Priampu ya chaneli nane kwa kawaida haifiki wati 50, hivyo UPS ya ofisini, lile boksi la betri ya akiba, inaibeba pamoja na laptopu kwa muda wa kutosha mtu kuvuta kamba ya jenereta. Ila ijaribu UPS hiyo nyumbani kwanza, ikiwa imechomolewa ukutani, kwa sababu za bei ya chini hutoa umeme wenye pembe badala ya wimbi, na pembe hizo zinasikika kama nyuki ndani ya rekodi. Rafu yako, fremu yenye vifaa vyako, na miksa ya kanisa zichukue umeme kutoka soketi moja kama inawezekana. Ukisikia mvumo, usikubali fundi akushauri ukate waya wa ardhi. Mvumo utaondoka kweli, na siku moja mpiga gitaa naye ataondoka.

Nitasema jambo ambalo wapenda vifaa hawatalipenda: sichukii adapta ya nje. Wataalamu huiona ya kitoto, wanataka usambazaji wa umeme uwe ndani ya boksi. Lakini kinachokufa kwanza kwenye priampu hapa kwetu ni usambazaji wa umeme, kwa joto la chini ya mabati na kwa volti zinazopanda na kushuka. Adapta ikifa unatafuta nyingine yenye volti, ampea na ncha zile zile, unaendelea na kazi jioni hiyo. Usambazaji wa ndani ukifa utaupeleka Katwe, mtaa wa mafundi hapa Kampala, na mafundi wa Katwe ni hodari, lakini kifaa kitakaa huko wiki nzima kikingoja kapasita. Kama ni wa ndani, acha nafasi ya rafu moja juu yake ipumue.

Kwa safari za mbali ambako hata jenereta ni hadithi, kwenye kambi za wakimbizi za Nakivale au Kyangwali ambako kwaya za Wakongo ni nyingi na nzuri kupita kiasi, naacha rafu nyumbani. Zoom F8n Pro ina milango nane ya maiki, inakwenda kwa betri za kawaida au chanzo cha volti 12, na inarekodi kwa biti 32 za desimali inayoelea, mfumo ambao unakuruhusu kushusha sauti baadaye bila kuikuta imepasuka. Kwa ngoma na kinubi chumba kimoja, teknolojia hiyo imepunguza nusu ya hofu niliyoieleza mwanzoni. Haijaifuta, maana maiki yenyewe bado inaweza kulemewa kabla ya kifaa.

Kuhusu kununua. Vipya vinapatikana Kampala kwa kuagiza, wengine wanapanda basi usiku kwenda Nairobi, Luthuli Avenue, na wengi wanangoja ndugu aliye Marekani aje na sanduku. Huyo wa Marekani mwambie asome nyuma ya kifaa kabla hajalipa: kama imeandikwa 120 tu, kwetu kitatoa moshi, kinachotakiwa ni 100 hadi 240, au swichi ya kuchagua. Kwenye bei ya mtandaoni weka pia nafasi ya ushuru na VAT ya asilimia 18, usije ukashangaa uwanja wa ndege wa Entebbe.

Cha mtumba kina mtihani wake, na vifaa vyake vinaingia mfukoni. Nunua plagi ya XLR dume, ile ya maiki yenye pini tatu, na kipingamizi cha ohmu 150, kiunganishe ndani yake kati ya pini ya pili na ya tatu. Hiyo ni maiki isiyosikia kitu. Ichomeke chaneli ya kwanza, fantomu ikiwa imezimwa, pandisha gaini hadi mwisho, sikiliza kwa visikizi. Unachotaka ni mchakacho laini, wa namna moja. Mvumo, mlio wa redio au mikwaruzo unapozungusha kifundo ni sababu ya kushusha bei au kuondoka. Hamia ya pili bila kugusa sauti ya visikizi, kisha ya tatu. Chaneli moja ikichakacha zaidi ya wenzake utaisikia mara moja. Kisha washa fantomu, pima kwa mita, chomeka kondensa yako mwenyewe na upige kofi mbele yake. Muuzaji atakuambia zote zinafanya kazi, alizijaribu jana. Muitikie kwa heshima, endelea hadi ya nane, ndipo uulize bei ya mwisho.